Stainz inasitasita kwenye reli chafu: jinsi ya kuihamishia kwenye betri na rimoti

*Swali la msomaji: "Naishi Ujerumani, na bustanini nina reli ya LGB (chapa ya treni za modeli) ya mzunguko wa mita 40 hivi, reli za shaba ya manjano. Kichwa changu cha treni ni Stainz ya zamani, nimeinunua ikiwa imetumika, na haina dekoda (kifaa cha ndani kinachopokea amri za kidijitali). Asubuhi kukiwa na umande, au majani yakidondoka, kinasitasita na kusimama hadi nikisukume kwa kidole. Nimechoka kusugua reli. Nataka kukiweka kwenye betri na kukiongoza kwa rimoti, lakini kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema lazima nipate volti 24 kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwenye transfoma. Mwingine anasema nifungue tu, niunganishe betri kwenye waya mbili za mota, basi. Ndani nafasi ni finyu mno. Ninayo bodi ya gari la kuchezea la rimoti, sijui kama itafaa. Na mke wangu anauliza: hizi betri za litiamu si ndizo zinazowaka moto? Nianzie wapi?"*

Ndugu yangu,

Stainz ni katika vichwa vinavyokubali kazi hii kwa urahisi: mota moja, ekseli mbili, hakuna dekoda ya kuondoa. Volti 24 huzihitaji; seli nne za litiamu-ioni, yaani volti 14.8, zinatosha. Vifaa usivibane ndani ya kichwa, viweke kwenye behewa linalofuata. Na kabla hujaunganisha chochote, mota lazima itengwe kabisa na magurudumu. Ushauri wa rafiki yako wa pili unaruka hatua hiyo, nayo ndiyo inayounguza vifaa vya watu wengi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Umeme unatoka kwenye transfoma, unapita kwenye reli moja, unavuka kila kiungo, unapanda kwenye gurudumu au kiatu kinachoburuzika juu ya reli, unazungusha mota, kisha unarudi kwa reli ya pili kupitia vikwazo vilevile. Shaba ya manjano ikikaa nje hufunikwa na utando wa oksidi usiopitisha umeme vizuri. Juu ya utando huo ongeza umande, utomvu wa miti na ute wa konokono. Stainz ni kifupi, na nyingi zina ukanda wa mpira kwenye gurudumu moja ili livute vizuri. Gurudumu hilo halipokei umeme. Kwa hiyo zikichafuka sehemu mbili tu kwa wakati mmoja, mota imekosa chakula.

Kabla hujaamua, fanya kipimo kimoja. Endesha treni upande wa mbali kabisa na transfoma, upime volti kati ya reli mbili pale ilipo treni. Kisha pima karibu na transfoma, treni ikiwa bado inatembea. Tofauti ikizidi volti 2 au 3, tatizo lako kubwa ni viungo, na vibanio vya skrubu pamoja na waya wa kulisha umeme sehemu mbili tatu za mzunguko vinaweza kukutosha kwa gharama ndogo. Volti zikiwa sawa lakini kichwa bado kinasitasita, uchafu uko juu ya reli au kwenye vipokea umeme vya kichwa, na hapo betri ndiyo dawa. Ukihamia kwenye betri, reli inabaki njia tu. Hata ukijenga kitanzi kinachorudisha treni ilikotoka, ambacho kwenye umeme wa reli ni shoti moja kwa moja, hakitakuletea shida. Utakachobeba badala yake ni kazi ya kuchaji na kutunza betri, na mabehewa ya abiria yenye taa zinazolishwa na reli yatabaki gizani hadi uyapatie umeme mwingine.

Sasa hizo volti 24. Namba iliyo kwenye transfoma ni kikomo chake, haina maana kwamba mota inadai zote. Mota ya namna hii ikizunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazopinga zile zinazoingia, na kasi hupanda hadi pande hizo mbili zikaribiane. Kwa hiyo volti huamua kasi, na ampea huamua nguvu ya kuvuta. Ukishusha kutoka volti 20 hadi 14.8 unapoteza takriban robo ya mwendo wa juu, lakini uwezo wa kuanza na mzigo unabaki, ilimradi betri inatoa ampea zinazotakiwa. Mwendo huo hutaukosa. Tuseme treni halisi ya njia nyembamba inakwenda kilomita 25 kwa saa: kwa modeli hii, iliyopunguzwa kwa kipimo cha 1:22.5, ni sentimita 31 kwa sekunde, yaani mita moja kwa sekunde tatu na kidogo. Stainz kwenye volti 14.8 inavuka hapo bila taabu.

Kabla ya kufungua kichwa, pima ampea zake, maana ndizo zitakazokuchagulia vifaa vyote. Katisha waya mmoja unaokwenda relini, uingize multimita iliyowekwa kwenye ampea 10. Endesha na mabehewa yako ya kawaida, uandike namba. Kisha shika kichwa kisisogee, ongeza umeme taratibu hadi magurudumu yateleze, usome haraka na uache. Usiyashike magurudumu yenyewe. Gia ni za plastiki. Kichwa kidogo cha mota moja mara nyingi hula chini ya ampea 1 kikivuta mabehewa machache. Namba ya kuteleza ndiyo muhimu: kidhibiti mwendo utakachonunua kiwe na uwezo wa angalau mara mbili yake, na fyuzi iwe juu yake kidogo. Kama kuteleza ni ampea 1.8, fyuzi ya ampea 3 inafaa.

Turudi kwa rafiki yako wa pili. Kwenye Stainz nyingi za zamani, mota haina waya zake peke yake. Ndani ya giaboksi kuna vipande vya shaba vinavyounganisha vipokea umeme moja kwa moja na ncha za mota. Ukiunganisha betri kwenye mota, umeiunganisha pia kwenye magurudumu, na kwa hiyo kwenye reli. Bisibisi ikidondoka juu ya reli mbili, ni shoti ya betri inayoweza kumwaga makumi ya ampea. Ukiwa na kidhibiti mwendo katikati, mtu akasahau akawasha transfoma, umeme wa reli unaingia kwenye kidhibiti kwa mlango wa kutokea, na kinakufa papo hapo.

Kwa hiyo geuza kichwa juu ya sponji na ufungue skrubu za bamba la chini. Hapa nenda polepole. Ekseli zote mbili za Stainz zinaendeshwa na gia, na zimefungwa pamoja kwa vyuma vya pembeni. Ukiinua ekseli moja ikarudi ikiwa imeruka hata jino moja la gia, vyuma hivyo vitakaza na kichwa kitakuwa kinachechemea kila mzunguko. Weka alama ya kalamu kwenye jino la kila gia na mahali linapokutana na mwili wa giaboksi kabla hujagusa ekseli. Kisha toa viatu vya kuburuza, vijiti vya kaboni vinavyobonyezwa na springi nyuma ya magurudumu, na kipande cha shaba kinachounganisha vipokea umeme na mota. Vijiti vya mota yenyewe viache. Vyote ulivyotoa vitie kwenye mfuko mmoja uandike jina la kichwa. Stainz iliyokamilika ina thamani kwa wakusanyaji, na siku moja unaweza kutaka kuirudisha ilivyokuwa.

Kama giaboksi yako ni ya toleo la baadaye lenye waya nne, kazi ni nyepesi: kwa mpangilio wa LGB, kahawia na nyeupe zinatoka relini, njano na kijani zinakwenda kwenye mota. Zitenge, ufunge vizuri ncha za kahawia na nyeupe. Lakini kichwa kilichotumika kinaweza kuwa kimepita mikononi mwa fundi aliyebadilisha waya, kwa hiyo usiamini rangi, amini mita. Weka multimita kwenye mlio wa muunganiko, gusa kila gurudumu dhidi ya kila ncha ya mota huku ukizungusha gurudumu kwa kidole. Isilie hata mara moja. Ikilia kwa kukatakata, kuna kipande cha shaba kinagusa mahali, na hicho ndicho kitakachokuumiza miezi sita baadaye.

Kuhusu nafasi: wapo wanaotoa uzito ulio ndani ya boila ili waweke betri hapo. Sikushauri kwa kichwa hiki. Uzito huo ndio unaokipa mshiko kwenye reli, na nafasi inayopatikana ni ndogo kiasi kwamba waya hubanwa. Chukua behewa la mizigo lililofunikwa, uweke humo betri, fyuzi, swichi, soketi ya kuchajia na kidhibiti chenye risiva (kipokea mawimbi ya rimoti). Kutoka kwenye behewa zinatoka waya mbili tu kwenda kwenye mota. Faida yake ni kwamba kichwa cha pili utakachonunua kitahitaji kutengwa na kuwekewa plagi tu, vifaa ni vilevile. Hasara ni kwamba kichwa hakitembei peke yake, behewa hilo litakuwa mkiani mwake daima. Ukikerwa na hilo, njia iliyobaki ni kichwa kikubwa zaidi.

Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 0.5. Kati ya kichwa na behewa acha ulegevu wa sentimita 5 au 6, kisha vuta treni kwa mkono kwenye kona yako kali kuliko zote, kulia na kushoto. Kona ya R1 ya LGB ina nusu kipenyo cha sentimita 60, na hapo ndipo plagi huchomoka. Plagi ya kwenda kwenye mota ikigeuzwa, treni itarudi nyuma tu. Plagi ya betri kwenda kwenye kidhibiti ikigeuzwa, kidhibiti kimekwisha. Kwa hiyo upande wa betri tumia plagi isiyokubali kugeuzwa, kama XT30, na ile ya kike iwe upande wa betri ili chuma chake kisiwe wazi.

Betri. Nunua pakiti iliyokwisha kutengenezwa, seli nne za ukubwa wa 18650 zilizounganishwa mfululizo, miliampea-saa 2,600 hivi, ikiwa na bodi ya ulinzi ndani inayoruhusu angalau ampea 5. Bodi hiyo hukata umeme seli zikikaribia kuisha, zikijaa kupita kiasi, au kukiwa na shoti. Pakiti kamili ni volti 14.8 kwa jina, 16.8 ikijaa. Usilehemu waya moja kwa moja kwenye seli zenyewe. Joto la pasi huharibu kizibo na utando wa ndani, nao utando ukitoboka seli inapata shoti tumboni mwake. Viwandani hutumia mashine ya kuchomelea vibati kwa nukta, na ndiyo sababu pakiti ya dukani ni bora. Kwa muda wa kutembea, hesabu asilimia 80 ya ujazo: ampea-saa 2.08 ukigawa kwa wastani wa ampea 0.7 unapata karibu saa tatu.

Mke wako ameuliza swali la haki, na jibu ni ndiyo, zinaweza kuwaka. Huwaka zikichajiwa na chaja isiyo yake, zikitobolewa au kupondwa, au zikipata shoti mahali pasipo na fyuzi. Tumia chaja ya litiamu-ioni ya volti 16.8, ampea 1. Itachukua takriban saa tatu. Chaji ukiwa nyumbani na macho, juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na pazia, si usiku mkiwa mmelala. Kama bado hamna amani, kuna njia tulivu zaidi: seli 12 za nikeli za ukubwa wa AA, zile zinazotunza chaji kwa muda mrefu, ambazo pia hutoa volti 14.4. Ni nzito zaidi, zina miliampea-saa 2,000 hivi, na zinataka chaja yake maalumu inayotambua zimejaa. Ila si rahisi kuwaka. Kwa nyumba yenye watoto wanaopenda kuchomoa vitu, ningechagua hizo bila kusita. Usiziweke tu kwenye kishikio cha springi. Mtikisiko wa reli hulegeza mguso. Nunua zilizounganishwa kwa vibati.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, kabla ya kitu kingine chochote. Baada yake weka swichi ya njia tatu za waya: waya wa katikati unatoka kwenye betri, upande mmoja unakwenda kwenye kidhibiti, upande wa pili kwenye soketi ya kuchajia. Kwa mpangilio huo chaja na kidhibiti haviwezi kukutana, na soketi inakuwa haina umeme treni ikitembea. Kama bisibisi au kipande cha waya kitaingia humo, hakuna madhara.

Ile bodi ya gari la kuchezea iache. Za bei rahisi zimeundwa kwa volti 6 hadi 9 hivi, na nyingi hazina mwendo wa kati, ni kwenda au kusimama. Hata vidhibiti vya magari ya mashindano vina mitego: vingi ni vya seli mbili au tatu tu za litiamu, kwa hiyo volti 16.8 huviunguza, vyenye waya tatu za kwenda kwenye mota ni vya mota isiyo na brashi, havitaendesha yako kabisa, na kitasa cha rimoti hurudi katikati ukiachia kidole, wakati treni inataka kitufe cha kuzungusha kinachobaki pale ulipokiweka. Tafuta kidhibiti kilichotengenezwa kwa treni za bustanini, risiva ikiwa ndani, kinachokubali hadi volti 18 au zaidi, kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Angalia unapoagiza kutoka Marekani: AirWire ya kampuni ya CVP Products, kwa mfano, kule hutumia megahezi 902 hadi 928, masafa yaliyopangwa kwa matumizi mengine Ulaya. Ikiwa unaitaka, hakikisha ni toleo la Ulaya.

Kidhibiti kizuri hakipunguzi volti, kinakata na kuwasha umeme wote mara mamia au maelfu kwa sekunde. Mota inapata msukumo kamili kwa vipande vifupi, ndiyo maana treni itaanza kutambaa polepole kuliko ulivyozoea kwenye transfoma. Antena yake ni kijiwaya kifupi; sehemu ya mwisho, kama milimita 31, ndiyo inayofanya kazi. Isimamishe wima chini ya paa la behewa, mbali na betri na uzito wa chuma, wala usiikate kwa kuwa inaonekana imezidi. Kisha fanya jaribio hili, magurudumu ya kichwa yakiwa hewani: kiendeshe mwendo wa kati, uzime rimoti. Baadhi ya mifumo imepangwa kuendelea na mwendo wa mwisho mawasiliano yakikatika. Panga yako isimame.

Taa za zamani ni balbu, zinakula umeme bure. Badilisha kwa taa ya LED nyeupe na kizuizi cha omu 1,500, cha robo wati, ukichukua umeme baada ya swichi, upande wa kidhibiti. Kifaa cha moshi ni hita, kinakula betri kwa kiasi cha kuonekana. Kitenganishe.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, usiunganishe betri moja kwa moja. Weka balbu ya lori ya volti 24, wati 21, kwenye waya chanya ili umeme wote upite humo kwanza. Balbu ikiwaka kwa nguvu treni ikiwa imesimama, kuna shoti, zima utafute. Isipowaka, oanisha rimoti na risiva, jaribu mwendo taratibu, kisha ondoa balbu. Endesha dakika kumi, uguse kidhibiti kwa kidole: uvuguvugu ni sawa, kama kinachoma simamisha.

Unaishi kwenye baridi, kwa hiyo hili lisikupite. Treni inaweza kutembea kwenye theluji, betri itapungua uwezo tu. Lakini usichaji betri ya litiamu-ioni iliyo chini ya nyuzi 0. Litiamu hujipaka kama chuma ndani ya seli, na uharibifu huo haurudi nyuma. Iingize ndani, iache ipate joto la chumba saa kadhaa, ndipo uchaji. Ukiiweka kwa miezi ya baridi, iache nusu, kama volti 15 kwa pakiti nzima, ukiwa umeichomoa kwenye kila kitu.

Mambo matatu usiyafanye peke yako. Kama giaboksi inakaza hata kabla hujaifungua, au gia imepasuka, mpelekee fundi wa treni za modeli, maana mota iliyokwama itaunguza kidhibiti kipya. Kama hujawahi kulehemu, nenda kwenye klabu ya treni za bustanini iliyo karibu nawe. Ujerumani si chache, na mtu mwenye uzoefu atakuonyesha kiungo kizuri kwa alasiri moja. Na pakiti ikivimba, ikinuka utamutamu wa kemikali, au ikipata joto bila kutumika, usiifungue na usiichaji tena. Itoe nje mahali pasipo na kitu cha kushika moto, funika ncha zake kwa utepe, upige simu kwenye kituo cha taka cha manispaa wakueleze namna ya kuipeleka. Betri chakavu zisizo na hitilafu hiyo, maduka yanayoziuza Ujerumani yanawajibika kisheria kuzipokea.